Pima Ngapi Hadi Mwezini

Bwenini, 2 Machi

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yamepunguza kunung'unika. Mimi sijambo, ila usingizi haba.

Bibi, nina swali, na naomba usicheke kabla hujamaliza kusoma. Watoto wa shule za msingi wataletwa hapa chuoni kuona darubini yetu iliyo paani. Kila mwanafunzi amepewa ubao aandike umbali wa vitu vya angani. Wenzangu wote wanaandika kilomita. Mimi nikakumbuka siku niliyoambiwa mara ya kwanza kwamba jua liko kilomita milioni mia na hamsini: niliandika tu, kama mtu anayenakili namba ya nyumba asiyoijua. Kilomita sijawahi kuigusa. Pima nimeigusa. Nilimwona Babu akinyoosha mikono mashambani mwa watu, mimi nimeshika ncha ya kamba.

Kwa hiyo ubao wangu nataka kuuandika kwa pima, mikono na shibiri. Wenzangu wameshaanza kuniita Fundi Shibiri. Mwalimu wangu hakucheka. Alisema, "Kama unavijua sawasawa, andika." Shida ni hiyo, sivijui sawasawa. Shibiri ngapi ni mkono mmoja? Mikono mingapi ni pima? Nieleze kama ulivyokuwa ukimsikia Babu.

Nisalimie mkunga, na mbuzi wake mtukutu.

Mjukuu wako


Nyumbani, 11 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi mzima. Magoti ni yangu, na yakinung'unika yananinung'unikia mwenyewe, wewe hayakuhusu. Wewe je, unakula? "Usingizi haba" ndiyo lugha gani? Lala.

Nimekupeleka chuo ukasome, unanigeukia mimi niliyejifunza kuandika nikiwa na wajukuu unaniuliza shibiri. Haya, shika kalamu. Fungua kiganja: kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, hiyo shibiri. Shibiri mbili ni mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni pima: mtu asimame, anyooshe mikono yote miwili kama anayezuia ng'ombe wasipite, kutoka ncha hadi ncha. Pima kumi ni kamba moja ya babu yako. Umemaliza?

Hujamaliza. Mikono ya nani? Hilo hukuuliza, na ndilo lililokuwa likitoa watu meno. Anayenunua shamba alikuja na shemeji yake mrefu kama mlingoti, ndiye apime. Anayeuza akaja na mjomba mfupi. Wakakaa juani mpaka mchana wakibishania mjomba na shemeji, shamba lenyewe limesahauliwa. Ndipo wakaanza kumwita babu yako, kwa kuwa hakuwa ndugu wa mtu. Naye alikuwa mrefu, wanunuzi wakampenda, wauzaji wakamnunia, mpaka akajifunza kukunja viwiko kidogo. Kila mtu aliona na hakuna aliyesema.

Na usimfanye babu yako nabii kwa kuwa hayupo. Waliwahi kumwita apime upana wa lile korongo, watu wanataka kufunga daraja la kamba. Kamba ya kupimia haivuki. Akapiga kigingi hapa, akapiga kingine mbali kidogo, akalitazama jiwe moja la ng'ambo kutoka kigingi cha kwanza, kisha kutoka cha pili, akaangalia jicho limepinda kiasi gani, akachora vumbini, akatamka. Kamba ya daraja ikakatwa. Ikapelea. Ikaning'inia korongoni kama mkia wa mbuzi. Wiki nzima hakutoka ndani, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwajibu watu mlangoni.

Sasa wewe jua haliuzwi wala halinunuliwi, unalipimia nani?

Jambo la pili. Huko paani nani anashika ngazi? Paa, msichana na giza, hivyo vitatu sivipendi vikikaa pamoja. Nijibu kwa barua. Usipige simu posta, watu wote kwenye foleni husikiliza. Mpaka leo muuza mkaa ananiuliza kama jino lako limepona.

Bibi yako, mke mkubwa


Bwenini, 20 Machi

Mpendwa Bibi,

Shikamoo sana. Jino limepona, mwambie muuza mkaa. Nakula, nalala. Ninyi hamjambo huko?

Barua yako nimeisoma kwa sauti bwenini, hata waliokuwa wakiniita Fundi Shibiri wametaka niirudie sehemu ya shemeji na mjomba. Sasa sikiliza matunda yake. Nimechukua pima ya mtu wa wastani, asiye shemeji wala mjomba. Kutoka hapa hadi kwenye jua ni pima bilioni themanini na mbili hivi. Bilioni ni milioni elfu moja. Ukitaka kwa kamba za Babu, ondoa sifuri moja. Na mwanga, Bibi, hukimbia pima milioni mia moja sitini na nne kwa sekunde moja. Kabla hujamaliza kunifokea "Wewe!" mwanga umeshaizunguka dunia nzima mara saba.

Lakini ukweli ni huo uliousema, mikono ya nani? Kwa mikono ya Babu jua linasogea karibu, kwa mikono yako linakimbilia mbali. Nilimweleza mwalimu hivyo, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Watoto wakija nitawaambia wanyooshe mikono yao wenyewe, kila mmoja apate jua lake.

Baada ya ubao, kuna kazi kubwa kuliko hiyo. Ndiyo mtihani wangu wa mwisho. Nisipoifanya, mwaka wote umepotea na nafasi yangu atapewa mwingine. Sikwambii ni nini, nataka nikushtukize ikiisha.

Ngazi ya paani ni ya chuma, imefungwa ukutani. Na mwalimu yuko nami kila nikipanda. Ondoa wasiwasi.

Mjukuu wako


Bwenini, 9 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Naandika mbiombio, mtu wa posta anasubiri mlangoni. Niombee. Wiki ya tatu sasa sijauona mwezi. Nimejaribu kupima zaidi ya mara moja, majibu hayaeleweki, hili linasema hivi na lile linasema vile. Sili vizuri, moyo unanienda mbio. Mwalimu tu ndiye anayejua hali yangu. Ameniahidi hataniacha peke yangu, lakini amesema wazi, ikiendelea hivi mwaka wangu umekwenda.

Mama usimwambie, atalia.

Mjukuu wako


Nyumbani, 16 Aprili

Wewe,

Salamu nimezikunja nimeziweka kabatini. Utazipata ukijieleza.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampelekea mkunga aisome na yeye, labda macho yangu yamechakaa. Akaisoma polepole, akaniuliza, "Ana umri gani?" Nikamwambia. Akasema, "Basi sasa kilichobaki ni kuhesabu tu."

Hujauona mwezi! Umepima! Na kwa hao waliokupima ulikwenda na nani? "Mwalimu tu ndiye anayejua." Ataachaje kujua? Mimi nilikuuliza huko paani nani anashika ngazi, ukaniletea hesabu ya jua, pima bilioni, mwanga unakimbia, na mimi mjinga nikamsimulia mkunga nikijisifu. Kumbe kuna aliyekuwa akicheka mpaka miwani inadondoka. Ameahidi hatakuacha peke yako. Wote huanza hivyo. Mwulize huyo mwenye miwani kama nyumbani kwake wanajua kuwa ameahidi.

Nilikulea kwa mikono hii, mama yako akiwa kazini mbali. Nilivaa gauni la harusi ya mtu nikaja mpaka mlangoni pa chuo, nikatia sahihi kama mlezi wako. Sahihi, si dole gumba. Karani alikuwa ameshanifungulia kidau cha wino wa kuchovya kidole nikamwambia, funga dude lako, lete kalamu.

Basi kwa sahihi ileile nimemwandikia mkuu wa chuo. Nimemwambia aliyekuingiza ndiye anayekutoa, mjukuu wangu arudishwe nyumbani, na huyo mwalimu anayepanda paani na watoto wa watu usiku atazamwe vizuri. Barua imekwenda jana. Usinililie, imeshakwenda.

Mama yako sijamwambia. Chumba cha nyuma nimekifagia, godoro nimelitoa juani. Kula hata kama hutaki. Ndoo nzito usinyanyue, wape wenzako.

Bibi yako


Bwenini, 25 Aprili

Bibi,

Shikamoo, hata kama yangu iko kabatini.

Sina mimba.

Mwezi ambao sijauona ni huu wa angani, Bibi. Huu unaokuangazia ukienda kufunga kuku. Ni msimu wa mvua, mawingu yametanda kila usiku, darubini inatazama pamba tupu. Ndiyo ile kazi niliyotaka kukushtukiza nayo. Ninaupima mwezi uko mbali kiasi gani. Na ninaupima kama Babu alivyopima korongo! Kigingi kimoja ni mimi hapa paani, kigingi cha pili ni mwanafunzi wa chuo kingine kilicho mbali sana, na mwezi ndio jiwe la ng'ambo. Tunautazama dakika ileile moja, yeye anauona umekaa hapa kati ya nyota, mimi nauona umekaa pale kidogo, na hiyo tofauti ndiyo inayotoa umbali. Tulijaribu palipopasuka mawingu kidogo, vipimo vyangu na vyake havikupatana. Hayo ndiyo majibu yasiyoeleweka. Nilitaka nikuandikie mwishoni, "Bibi, ni pima milioni mia mbili na kumi hadi mwezini, nimeupima mwenyewe." Hiyo ndiyo zawadi niliyokuwa nimekuwekea.

Na mwalimu wangu ni mama mtu mzima. Ana wajukuu sita. Niliandika "mwalimu", na kichwani mwako akaota ndevu.

Barua yako kwa mkuu imeshafika. Mkuu aliniita, imelala mezani mbele yake. Mwalimu pia aliitwa akaisoma. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Nilieleza yote. Mkuu akasema anasikia, lakini sheria ni sheria: mlezi aliyetia sahihi akimtaka mwanafunzi wake, chuo hakibishani. Mpaka mlezi huyohuyo aandike kwamba ameifuta barua yake, mimi sigusi darubini.

Usiku wa mwisho tuliopangiwa na chuo cha pili ni Jumamosi ya tarehe 18 Mei. Baada ya hapo wale wanafunga, na kazi yangu haina kigingi cha pili. Bibi, andika. Mstari mmoja unatosha. Si lazima uombe radhi kwa mtu, najua hupendi. Sema tu umeifuta, weka sahihi, tuma siku hiyohiyo.

Uliponiuliza nilikwenda na nani kupimwa, nililia. Ungeniuliza kwanza, Bibi, ndipo uandike kwa mkuu.

Mjukuu wako


Bwenini, 13 Mei

Bibi,

Shikamoo.

Kila siku nimekwenda kwa karani kuuliza. Ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika mlangoni. Simu ya posta ya huko haiiti, wanasema mvua imeangusha nguzo.

Nimefikiria kwamba labda unaumwa. Kisha nimefikiria kwamba huumwi, umekasirika tu kwa kuwa umekosea, na hukubali kuandika. Sijui lipi linaniuma zaidi.

Mwalimu ananiambia nisubiri mpaka Jumamosi. Nisubiri nini? Niwatazame wenzangu wakipanda ngazi? Nimefunga begi. Kesho alfajiri napanda basi nirudi nyumbani kama ulivyotaka. Huenda nikafika kabla ya barua hii.

Mjukuu wako


Bwenini kwenu, 15 Mei

Mke mwenzangu,

Salamu zote nilizokunja nimezikunjua, chukua zote. Mimi mzima, ila kiuno kimekaa basini kutwa nzima na kinanilaani. Wewe nakuuliza hali na sijui nakuuliza ukiwa wapi. Nadhani umekaa mlangoni kwangu, na ufunguo anao mkunga. Mwombe. Atakutazama tumbo. Mwache atazame mpaka achoke.

Barua yako ya Aprili niliipata Jumatatu hii. Barabara ilikatika kwa mvua, gunia zima la barua likalala ng'ambo ya mto. Niliisoma mara moja. Sikumpelekea mkunga. Posta nikaambiwa barua itachukua siku wanazojua wao, nikasema kama ni hivyo mimi mwenyewe ndiye barua. Jumanne alfajiri nikapanda basi.

Na wewe Jumanne alfajiri ukapanda lako. Nimefika jana jioni, mwenzako wa chumba ananifungulia na kunitazama kama mzimu. "Bibi, ameondoka leo asubuhi kuja kwako." Nilikaa chini palepale kwenye ndoo yenu, kwa bahati ilikuwa imefunikwa. Mabasi yetu yalipishana darajani. Dereva wetu alimpigia mwenzake honi, nami nikamfokea dereva kwa kunishtua, sikuinua hata macho kutazama dirisha la pili. Ulikuwa upande gani? Ulikuwa unalia? Mwenzako anasema ulikuwa hulii, na hilo limenitisha zaidi.

Leo asubuhi nimekuwa wa kwanza mlangoni pa mkuu. Kijana mdogo yule, ana heshima, shati tu limemshinda kuchomekea. Akaniambia, "Bibi, unataka kufuta barua?" Nikamwambia, "Andika: mlezi amefikiri upya." Akasema, "Sababu?" Nikasema, "Andika mawingu." Akanitazama. Nikamwambia, "Uliniuliza, nimekujibu, lete kalamu." Nimetia sahihi. Inasomeka.

Mwalimu wako alikuwa nje kwenye benchi, ananisubiri. Kanizidi umri! Ana miwani moja usoni na nyingine kichwani, na hiyo ya kichwani ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Tukasalimiana. Akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa mimba mjukuu wako." Sikujua nitazame wapi. Akacheka, nikacheka, karani akatoka kutuangalia. Halafu akaacha kucheka, akasema msichana yule ana jicho ambalo hajaliona kwa mwanafunzi mwingine, na asipokuwa paani Jumamosi yeye hana la kumsaidia. Alisema bila ukali. Ningependelea angenitukana.

Amenipandisha ile ngazi mchana huu. Ni ya chuma kweli, imefungwa ukutani kweli. Nimeitikisa. Darubini yenyewe imefunikwa turubai. Mawingu bado yapo. Niliyatazama mpaka shingo ikagoma. Mwalimu anasema yanaweza kupasuka, yanaweza kukataa. Hilo sina sahihi ya kulitengeneza. Ila yakipasuka Jumamosi na wewe hupo, hilo litakuwa langu, nitakaa nalo mpaka nizikwe.

Basi sikiliza, na usiwe mkaidi, ukaidi wa nyumba ile unatosha wangu. Barua hii nampa dereva wa basi la kesho alfajiri. Si mtu wa posta, dereva, mkononi, na nimeshamtisha. Atakufikia kesho jioni mlangoni kwangu. Lala. Ijumaa alfajiri panda basi lake lilelile, amekuwekea kiti cha mbele. Usifue nguo, usifagie, kuku mwachie mkunga. Kama una hasira njoo nayo, isikucheleweshe.

Kazi hii ya kuupima mwezi sitakuuliza tena unaupimia nani. Nilikuwa nasema tu.

Nimekaa kitandani kwako. Mwenzako ananiletea chai nyingi, nadhani ananiogopa. Sitoki hapa mpaka uingie, na barua ya kunijibu sitaki, sitaifungua. Unaona kwamba katika karatasi hii yote, mbele na nyuma, sijaandika samahani. Sikuisahau. Neno hilo sijawahi kumpa mtu kwa maandishi, wala babu yako hakulipata. Nimekuwekea nikutamkie kwa mdomo, mara moja tu, sitarudia. Njoo ulisikie kabla sijabadili nia.

Bibi yako